Sanduku la Samaki la Mselem

Mtu asije akanifundisha mimi habari ya maji masafi. Ngamiani nzima wanajua. Mitungi yangu naisugua kwa kumbi la nazi na jivu kila Alhamisi, naifukiza ubani, na ukidondosha sindano ndani unaiona ilipolala. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mwanamke humjui kwa dhahabu yake, humjui kwa kanga zake, mwombe maji ya kunywa ndiyo utamjua.

Basi fikirini aibu yangu. Mwaka ule wa hamsini na sita nilipokaa kizuka, maji machafu kuliko yote mtaani kwetu yalikuwa chumbani mwangu mimi, Asmahani, ndani ya sanduku la kioo. Nikiyasafisha yanachafuka. Nikiyasafisha tena yanachafuka zaidi. Na ndani yake samaki wa mume wangu wanakufa mmoja mmoja, mimi natazama.

Mume wangu Mselem alikuwa fundi wa vioo, kazi za serikali. Dirisha la ofisi likivunjika huitwa yeye, la nyumba ya Mzungu huitwa yeye. Siku moja alikwenda kutia kioo nyumba moja kule Raskazone, akakuta barazani sanduku la kioo limejaa maji na samaki wadogo wanazunguka ndani. Siku hiyo alirudi hana habari ya chakula. Mimi namwekea wali, yeye ananionyesha kwa mikono: "Asma, liko hivi, na hivi, na samaki unawaona ubavuni!"

Nikamwambia, "Mimi samaki nawaona sufuriani, wananitosha."

Hakunisikia. Aliomba vipande vya vioo vilivyobaki kazini, akatafuta vyuma vya pembeni, akaziba kwa lami. Likavuja mwezi mzima. Mkeka wangu mzuri wa ukili uliozea hapo, na sikuacha kumwambia mpaka alipokufa. Mungu anisamehe.

Samaki alikwenda kuwatoa mto Mkulumuzi, yeye na rafiki yake wa kazini aitwaye Rafaeli, Mkristo mmoja ambaye baba yake alikuja toka bara kukata mkonge. Walikwenda kwa baiskeli, ndoo wameifunga nyuma. Walivua perege watano, wadogo wa urefu wa kidole. Kufika nyumbani wanamimina, wanahesabu, sita. "Huyu hatukumvua," akasema Mselem, anacheka mpaka machozi, "huyu kapanda gari mwenyewe!" Akamwita Msafiri. Alikuwa na alama nyeusi mkiani, humpotezi.

Sisi hatukujaaliwa mtoto. Miaka thelathini na moja, mimi na yeye, yeye na mimi. Sanduku akaliweka juu ya meza fupi, kati ya kitanda changu na kiti chake. Alasiri akirudi kazini hukaa kitini upande ule, mimi nimekaa kitandani upande huu natia nakshi kofia, samaki wako katikati. Yeye anawatazama samaki, na mimi namtazama yeye kwa ndani ya maji, pua imekuwa pana, jicho moja kubwa moja dogo. Nilikuwa namcheka sana. Nikikasirika naliita lile sanduku mke mwenzangu: "Nenda kwa mkeo wa kioo akupikie!" Naye hujibu, "Huyu angalau hasemi." Basi ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Alikufa mwezi wa Mfungo Nne, kwa kifua, siku tatu tu. Jumatatu alikohoa, Alhamisi tukamzika.

Matanga watu walijaa. Wakasoma, wakalia, wakala, wakanishika mkono, kisha kila mtu akaenda kwake, kama ilivyo desturi. Nikabaki mimi na eda yangu. Miezi minne na siku kumi kizuka hatoki nje, hajipambi, hatii manukato, hakutani na mwanamume wa kando. Mimi hata ubani wa mitungi niliuacha, nikihofia. Sokoni na bombani akinisaidia jirani yangu Mastura, mwanamke mwenye moyo mweupe na ulimi usio na kituo. Asubuhi ananiletea maji na maneno ya mtaa mzima, halafu anakwenda, na akishakwenda nyumba inanyamaza mpaka unasikia mchwa wakila mlango.

Kitu kilichokuwa kinapumua ndani ya nyumba ile, ukiniondoa mimi, ni wale samaki sita. Sikuwahi kuwapenda. Lakini nilijua mtu aliyewatia mle alikuwa na mikono gani, na alikuwa akicheka vipi. Nikajiapia, wallahi, eda yangu itaisha na samaki hawa wazima. Wapi! Nikaanza kushindwa.

Chakula sikuwanyima, mtu asiseme. Asubuhi mkate, mchana wali, jioni mkate tena. Baada ya siku kumi hivi za kizuka changu naamka, nalitazama sanduku, maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Samaki unamwona akija karibu na kioo tu, akirudi nyuma anapotea.

"Ebo!" nikasema. "Ndani ya nyumba yangu?"

Nikafanya kazi ile siku nzima. Nikawatoa samaki nikawaweka kwenye beseni, nikayamwaga maji yote uani. Yale mawe ya mtoni aliyoyapanga Mselem yalikuwa na utelezi wa kijani, uchafu mtupu. Nikayasugua kwa jivu na kumbi mpaka yakang'aa, na kioo nikakisugua, na majani ya mtoni nikayang'oa nikayatupa. Nikatia maji mapya ya bomba, Mastura kayaleta asubuhi ile ile, nikayachuja kwa kitambaa cha bafta. Yalikuwa maji ya kunywa. Nikawarudisha samaki, nikakaa kitandani, nikamwambia Mselem kimoyomoyo, unaona? Si ulikuwa ukisema siwezi?

Kesho yake mmoja akaelea tumbo juu. Keshokutwa wa pili. Na siku ya nne maji yakawa meupe tena, kuliko mwanzo.

Nikarudia. Nikayamwaga, nikasugua, nikajaza. Nilifikiri labda sikusugua vizuri mara ya kwanza. Siku tatu, meupe.

Mastura akaja akayatazama, mkono kiunoni. "Shoga yangu, hapa unajisumbua bure. Maji ya mafuriko tunayafanyaje? Tunatia shabu. Kipande kama ukucha, unakizungusha, uchafu unashuka chini wote."

Nikasema kweli! Nilighafilika vipi? Shabu naijua toka utoto, kule kwetu Pangani maji ya mto yakija na tope la masika, mama alikuwa akizungusha shabu ndani ya mtungi, tukisubiri kidogo maji yanakuwa kama machozi. Mastura akaniletea kipande. Nikakizungusha ndani ya sanduku, tena si kama ukucha, nilizungusha kipande kizuri. Na kweli, ikifika adhuhuri uchafu umelala chini kama unga, juu maji yanameta. Nilifurahi, nilimwita Mastura aje aone, tukapeana mikono.

Alasiri samaki wawili walikuwa wamelala ubavu. Magharibi wamekufa.

Mastura alinyamaza, na mimi sijawahi kumwona Mastura kanyamaza. Kisha akasema, "Labda siku zao zilikuwa zimefika." Nikamwambia aende nyumbani kwake.

Walibaki wawili. Maji yakachafuka upya, nami sasa naogopa kuyagusa na naogopa kuyaacha. Wiki ile mmoja akafa pia. Niliwafukia uani wote, karibu na mchicha, nikichimba kwa kijiko. Alibaki Msafiri peke yake, na ile alama yake nyeusi. Nikikaa kitandani naona alama inapita kwenye weupe, inapotea, nakaa nimebana pumzi mpaka ipite tena. Nilikuwa na miezi mitatu mbele yangu ndani ya vyumba vile. Nikajiambia huyu akifa, basi Mselem atakuwa amekufa mara ya pili, na mara hii nitakuwa nimemuua mimi kwa mikono yangu hii misafi.

Ndipo kiburi kikanishuka. Nikamwambia Mastura, "Nenda kamtafute Rafaeli, yule aliyekuwa akifanya kazi na marehemu. Mwambie shemeji yake ana shida."

Alikuja Jumapili, ametoka kanisani moja kwa moja. Nikasikia baiskeli inaegeshwa ukutani, halafu sauti: "Hodi! Hodi hapa, shemeji! Shikamoo!"

"Marahaba. Simama hapo hapo, usiingie!"

"Kwani kuna nini?"

"Mimi kizuka, Rafaeli. Huruhusiwi kuniona. Kaa barazani, dirishani hapo, tutasema kwa nyuma ya pazia."

"Sasa shemeji, Bi Mastura kaniambia samaki wanakufa. Nitawatazama vipi na pazia?"

"Utawatazama kwa maneno. Wewe uliza, mimi nijibu."

Nikamsikia anacheka polepole, kicheko cha mtu anayekumbuka kuwa nyumba ni ya msiba. Akakaa. Akaanza kuuliza, na mimi nikajibu, kama mgonjwa mbele ya daktari.

"Maji yana rangi gani? Kijani?"

"Meupe. Kama ya kuoshea mchele."

"Weka mkono nyuma ya kioo, upande wa pili. Unaviona vidole?"

Nikaenda nikaweka. "Naona kivuli."

"Mawe yakoje?"

"Masafi. Nimeyasugua kwa jivu, yanang'aa."

"Umeyasugua kwa nini?"

"Kwa nini? Yana utelezi wa kijani, Rafaeli, ungeona ungetapika!"

"Shemeji, ule utelezi ndio unaosafisha maji. Mselem hakuwa akiugusa. Mimi siku moja nilitaka kuukwangua, akanipiga kofi mkononi." Akakohoa. "Na maji mapya ulitia ya wapi?"

"Ya bomba. Ya siku ile ile, nikayachuja."

"Yeye alikuwa akiyalaza siku mbili. Maji ya mjini yana dawa, yakikaa wazi inatoka. Hakukuwa na mtungi uani usio na mfuniko?"

Jamani. Mtungi ule! Tangu sanduku liingie nyumbani, miaka yote mitatu, nilikuwa nikigombana naye kwa mtungi ule, unakaa wazi kama nyumba haina mwanamke, mbu wanazaa ndani. Yeye anasema uache, mimi naufunika, yeye anaufunua. Alipokufa kitu cha kwanza nilichofanya nikausugua, nikaugeuza kifudifudi.

"Ulikuwapo," nikasema.

"Na hukutia kitu kingine?"

"Shabu kidogo."

"Shabu! Mama yangu Maria."

"Mwache Bibi Mariamu apumzike, niambie la kufanya!"

"Ngoja, bado sijamaliza. Chakula unampa nini?"

"Mkate. Wali."

"Kiasi gani?"

"Cha kutosha."

"Cha kutosha ni kiasi gani, shemeji?"

"Mbona unauliza kama askari? Mimi si mchoyo, samaki wangu hakosi."

Akangoja. Nikamsikia anasogeza viatu sakafuni. Kisha akasema kwa upole, "Shemeji, mficha maradhi, kifo humuumbua. Amebaki mmoja."

Nilishika pazia. Nilitaka kumwambia jambo jingine, lolote, lakini ulimi ulikwenda wenyewe.

"Nampa sehemu ya Mselem."

Nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea. Nikamwambia nikipika mkono unapima kibaba kizima, kama siku zote, mimi simo. Nikipakua napakua sahani mbili, ile ya maua mekundu yake, ile ya buluu yangu. Nikishapakua ndipo nakumbuka. Na kumwaga chakula ni kukufuru, na kumpa Mastura ni kumwambia kuwa bado nampikia maiti, atakwenda kusema mtaani Bi Asma kapata wazimu. Basi nachukua sahani ile naimegua tonge tonge ndani ya sanduku. Mchana na jioni. Nasema, kula na wenzio, Mselem. Kinachobaki nakifukia uani. Na nikakaa nalia pale nyuma ya pazia mbele ya mwanamume wa watu, sijali.

Mpita njia akamwamkia Rafaeli, hakuitika. Halafu akasema:

"Mimi kazini bado nanyosha mkono. Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja, shemeji. Nashika upande wangu, nanyosha mkono nyuma nikijua yupo. Juzi kimeanguka kimoja. Msimamizi kanifokea."

Tukakaa, yeye nje, mimi ndani.

Akapangusa pua, akaniambia la kufanya. "Usiyamwage. Usisugue. Usitie kitu. Siku tatu usimpe chakula kabisa, hafi. Maji yakipungua ongeza kata moja moja, yaliyolala siku mbili. Baada ya hapo mpe punje tatu za wali kwa siku. Tatu, shemeji. Kila asubuhi weka mkono nyuma ya kioo. Siku utakayohesabu vidole vitano, maji yamepona."

"Nikae tu? Nitazame uchafu, nikae?"

"Ukae tu. Ndiyo dawa yenyewe, na ni chungu."

Ilikuwa chungu kweli. Mimi niambie nisugue sakafu ya msikiti mzima nitasugua, lakini usiniambie nikae. Siku ya kwanza mchana nikapika, nikapakua, nikaiona sahani ya maua mekundu imejaa mkononi mwangu na haina pa kwenda. Nikaiweka mezani. Ikakaa mpaka alasiri, nzi wakaja. Siku ya pili hivyo hivyo. Kichwani najua, mkono haujui, nikiingiza kibaba kwenye gunia la mchele kinatoka kimejaa. Siku ya tatu nikampa Mastura, nikamwambia ni ya kuku wake. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Kuku wangu watanenepa mwaka huu," akaenda zake. Hakusema mtaani. Nilimdhania vibaya, Mungu amlipe.

Siku ya tano Msafiri akapanda juu. Alisimama pale pale juu ya maji, mdomo nje, anahema. Maji yalikuwa meupe kuliko siku zote, na harufu yake ni ya kiporo. Mastura alikuwa ameshateka ndoo mbili za maji mapya bombani.

"Mwaga, Bi Asma! Mtoe! Huyu anakufa mbele ya macho yako, wewe umekaa! Huyo Rafaeli naye ni nani, kasomea samaki?"

Nikanyanyuka nikaishika ndoo. Wallahi niliishika, nimeiegemeza kwenye ukingo wa kioo, imebaki kuinamisha tu. Nikayatazama yale maji yangu masafi, yanameta. Ndiyo yaliyoua wenzake. Ndoo nzito, Mastura anasema mwaga, mwaga. Nikaiteremsha nikaiweka chini. "Yatie kwenye mtungi usio na mfuniko," nikamwambia, "kesho kutwa nitayatumia." Nikakaa kitandani, nikasoma kila sura niliyofundishwa chuoni utotoni, mpaka magharibi, na Msafiri anahema.

Asubuhi alikuwa ameshuka chini kidogo. Asubuhi ya pili yake sikumwona kabisa, kisha alama ikapita.

Nikawa naweka mkono kila siku baada ya sala ya alfajiri, jua likishaingia dirishani. Kivuli. Kivuli. Siku ya nane nikaona kama mkono wa mtu aliyevaa glavu. Siku ya tisa vidole vitatu. Utelezi ulianza kurudi kwenye mawe, nikautazama, nikaikunja mikono kifuani nisiuguse.

Siku ya kumi na mbili niliweka mkono nikahesabu. Kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Vitano, na kovu la kisu kwenye cha shahada, naliona. Msafiri akapita mbele ya kiganja changu, mzima, mkia unacheza. Nikacheka peke yangu, nikapiga kigelegele, kizuka mimi, nikaziba mdomo. Nikaushusha mkono.

Na nilipoushusha nikakiona kiti.

Nitasema kweli yangu, sina wa kumficha. Wiki zote zile maji yakiwa meupe, nikikaa kitandani nilikuwa naona upande wa pili kivuli tu, kivuli cha kiti, na kwenye kivuli unaweza kumweka mtu. Nilimweka. Nilikuwa nikizungumza naye, nikimgombeza, nikimsimulia maneno ya Mastura. Nilisugua maji yale kwa nguvu zangu zote, na moyoni sijui kama nilitaka yatakate. Sasa yametakata. Kiti kile pale, ukili wake umebonyea katikati alipokuwa akikaa, kofia yake imetundikwa mgongoni mwa kiti, na hakuna mtu. Nilikiona kama unavyomwona mtu aliyesimama mlangoni. Nikalia siku ile kilio ambacho sikukilia makaburini wala matangani, mpaka adhuhuri, kwa sauti, na Mastura alikuja mlangoni akasikia akarudi.

Kesho yake asubuhi akaja kama kawaida yake, kikapu kichwani. "Nakwenda sokoni. Nikuletee nini? Nazi? Bamia zimefika nzuri toka Maramba, si za kukosa."

"Niletee sufuria," nikamwambia.

"Sufuria? Unazo sufuria ukutani za kupikia harusi! Unataka ya nini, wageni wanakuja?"

"Ndogo."

"Ndogo vipi?"

Nilitaka kumwonyesha kwa mikono, nikaona haitoshi, lazima niseme. "Ya mtu mmoja," nikasema.

Mastura akakaza kanga yake, akatoka. Alirudi kabla ya adhuhuri na kisufuria kidogo, kipya, kinang'aa, na nilipotaka kujua bei yake akaniambia nisimtukane.

Nikachukua kibaba. Nikakiingiza kwenye gunia, kikatoka kimejaa. Nikasimama nacho. Nikamimina nusu, ikarudi guniani. Nikapika, nikapakua kwenye sahani ya buluu, nikakaa chini nikala. Wali ulikuwa kidogo, nikala ukaisha wote, na nilipoumaliza ndipo nikakumbuka sikumbakishia Msafiri. Nikarudi jikoni, nikakwangua chini ya kisufuria. Ukoko ulikuwa haki ya Mselem, miaka thelathini na moja sikuwahi kuugusa. Nikapata punje tatu. Nikampa.